Kuhusu Swali la Tisa Kwenye Fomu Yako

Kitale, Jumamosi, saa kumi jioni

Nafula mwanangu,

Watu wakisikia nimekuandikia kurasa hizi zote na wewe unahamia Kanduyi tu, hapo Bungoma, watacheka. Mtu anaweza kutoka hapa Kitale asubuhi, akafika Bungoma, akanunua viatu na kurudi kabla ng'ombe hawajakamuliwa. Mama yako ameniambia hivyo hivyo aliponiona nikitafuta kalamu. "Si ungoje arudi kutoka kwa nyanya yake umwambie na mdomo? Ama mdomo umeisha?"

Haujaisha, ila hujawahi kunisaidia sana. Nilipokuwa mvulana wa shule, mwalimu akiuliza swali ninalolijua, nilikuwa naandika jibu kwenye kiganja cha mkono na kungoja aniite. Haniiti. Kengele inalia, natoka darasani na jibu langu likiwa limefutika kwa jasho. Nimezeeka hivyo hivyo. Kwa hiyo naandika.

Mambo ya chumba, mtungi wa gesi, kufuli na majirani wa ploti, mama yako amekuambia tangu Jumatatu, na mengine ameyarudia. Sina la kuongeza. Mimi nataka kuzungumza nawe kuhusu ile fomu.

Unakumbuka Jumanne ulipokuwa ukijizoeza hapa mezani? Ulisema, "Baba, wewe uwe mama wa mgonjwa. Usicheke." Mama yako akacheka kwa niaba yangu. Ulinieleza tena kazi yenyewe: kwamba hospitali za pande hizi mbili, Trans Nzoia na Bungoma, zimeungana na watu wa chuo kikuu, wanataka kujua watoto wenye saratani hupotelea wapi kati ya nyumbani na dawa, kisha majibu hayo yatumiwe kufundisha wahudumu wa zahanati. Nilisikia fahari ambayo sikuionyesha. Uliniuliza maswali kwa sauti ya upole, hukuniharakisha, na nikawaza kwamba ile kozi yako ya rekodi za afya haikupotea bure. Ndipo ukafika swali la tisa, ukasoma: "Kwa nini ulichelewa kumleta mtoto hospitalini?"

Nilinyamaza. Ukadhani naigiza. "Baba, umeingia kabisa! Ungekuwa kwa sinema." Kisha, ukikusanya karatasi, ukasema wewe na mwenzako mmepewa upande wa Tongaren.

Hukunitajia jina la familia hata moja, na ulifanya vyema. Lakini kuna nyumba moja huko ambayo lazima iwe kwenye orodha yenu. Na mtakapofungua rejista ya zamani ya zahanati niliyofanya kazi kabla hatujahamia Kitale, utakutana na mwandiko unaoujua, kwa sababu ndio uliotia sahihi ripoti zako zote za shule. Nataka habari hiyo uipate kwangu kwanza.

Ulikuwa na miaka miwili. Nilikuwa afisa wa kliniki peke yangu pale, pamoja na nesi mmoja na mama wa usafi, na watu wote waliniita daktari. Daktari wa meno alikuwa mbali, kwa hiyo meno niling'oa mimi. Nilikuwa na koleo moja zuri ambalo nililichemsha kila jioni, na nilijulikana kwa mkono mwepesi. Walikuja hata watu waliokuwa karibu na hospitali kubwa. Nakuambia hili ujue kwamba kosa langu lilianzia mahali nilipokuwa nikisifiwa.

Siku moja mama mmoja alimleta mtoto wake wa kiume wa miaka sita, jina lake Barasa. Alikuwa mtoto wa maneno mengi. Nilipokuwa nikiandika jina lake, alikuwa anasoma herufi za bango la kupimia macho ukutani kwa sauti, na zile asizozijua alizibuni. Taya lake la kushoto lilikuwa limevimba kidogo, na jino moja lilikuwa linacheza. Mtoto wa miaka sita, jino linacheza: nani angeshtuka?

Mama yake alisema, "Daktari, hiki kitu hakikuwa Jumapili. Leo Alhamisi kiko hivi."

Alinipa katika sentensi hiyo jambo lote nililohitaji kujua. Jino bovu haliendi mbio namna hiyo. Mimi nikaandika "jino", nikampa dawa ya kuua vijidudu na ya maumivu, nikamwambia arudi baada ya wiki.

Alirudi kabla ya wiki. "Dawa inaisha na kitu kinakua." Nikaling'oa lile jino. Sasa sikiliza, maana hili silitoi kichwani. Jino lenye jipu hutoa usaha. Hili lilitoka safi kama punje ya mahindi. Niliona. Mkono wangu ulisimama kidogo na koleo likiwa hewani, kisha nikalitupa jino kwenye ndoo na kuita mgonjwa mwingine.

Mara ya tatu lilikuwa linacheza jino jingine, na Barasa hakuwa akisoma herufi tena. Nikaling'oa hilo pia. Mama yake aliponiuliza kama si afadhali ampeleke Bungoma, nilimwambia, "Mama, wewe una wasiwasi mwingi. Subira." Mara ya nne jicho la kushoto lilikuwa limeanza kusukumwa nje. Ndipo nilipoandika barua ya rufaa. Walienda Bungoma, wakatumwa Eldoret, kipande cha uvimbe kikakatwa na kupelekwa maabara, majibu yakangojwa. Ilikuwa ile saratani ya taya inayoshika watoto wa huku kwetu, ambayo huongezeka siku kwa siku, na ambayo, ikiwahiwa, husikia dawa vizuri kuliko nyingi. Alipata dripu moja ya kemo, ile dawa ya saratani. Ya pili haikumkuta.

Sikuijua saratani hiyo. Chuoni tuliisoma katika ukurasa mmoja, na ukurasa wenyewe haukuwa na picha. Kwa kutojua kwangu nimejisamehe, polepole, kwa sababu mtu hawezi kuona asichofundishwa kuona. Ninachokuandikia ni kilichofuata.

Unajua mazishi ya kwetu. Kabla ya mhubiri kusimama, watu lazima waambiwe ugonjwa ulianzaje, ukapitia hospitali gani, ukaishia wapi. Kama kuna mhudumu aliyemshika mgonjwa, anaitwa mbele. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa karibu na nguzo ya hema, nikitumaini nimesahauliwa. Baba mdogo wa mtoto akachukua kipaza sauti.

"Naona daktari wetu amejificha huko. Daktari, kuja. Wewe ndio ulikuwa na huyu mtoto. Sisi tunasikia mengi, wengine ati amerogwa, wengine ati ni jino. Ebu tuambie ukweli twende nyumbani tukijua."

Nilitembea hadi mbele. Nikashika kile chombo, nikasema: "Huu ugonjwa ni saratani. Ukiletwa hospitali mapema, unatibika. Shida yetu sisi watu wa huku ni kukawia."

Ndiyo maneno niliyosema, na hakuna mengine. Watu wakaguna ile "mmh" ya kukubali. Halafu nikaona vichwa vikigeuka, kimoja baada ya kingine, kuelekea upande walikoketi wanawake, hadi vyote vikawa vinamtazama mama yake Barasa.

Ukiichukua sentensi yangu neno kwa neno, hutapata uongo ndani yake. Niliichagua vizuri. Mimi, mtu nisiyejua kuongea, siku hiyo niliongea kama wakili. Yeye hakupiga kelele. Alinitazama mara moja, akainamisha uso.

Kuanzia hapo akawa yule aliyekawia. Shemeji zake walimwambia hivyo machoni pake. Mama mkwe aliwaambia wanawake wa kikundi. Mume wake alivumilia kama mwaka, kisha akaenda kuishi na mwanamke mwingine. Siwezi kukuambia ni kwa sababu ya maneno yangu, na siwezi kukuambia si kwa sababu yake. Naye Mama Barasa, ambaye watu bado wanamwita kwa jina la mtoto aliyezikwa, akaanza tabia moja. Mtoto wa jirani akikohoa mara mbili, anamfunga mgongoni na kumleta zahanati kabla hatujafungua mlango. Nesi wangu alimpa jina. "Mama Mapema ameshafika," anasema akicheka, na mimi nachukua kadi ya mtoto na kuandika.

Wewe mwenyewe uliwahi kuniuliza. Ulikuwa umeanza kuongea sawasawa, tukapishana naye sokoni, ukasema, "Baba, mbona huyo hasemi hujambo?" Nikakujibu kwamba ana haraka.

Tulihamia Kitale. Miaka ikapita, na siku moja nikaitwa kwenye mafunzo ya siku mbili pale Bungoma, sisi watu wa zahanati kutoka pande zote. Nesi mmoja mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha, alifunga mapazia na kuweka picha ukutani. Ilikuwa taya la mtoto. Halikuwa la Barasa, lakini ni kama lilikuwa lake. Akauliza, "Nani amewahi kuona hii?"

Ukumbi ulikuwa umejaa. Hakuna mkono uliopanda. Hata wangu. Akatungoja, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Basi mna bahati," na nilijua kwamba haamini.

Wakati wa chai nilisimama na bwana mmoja mnene wa upande wa mlimani.

"Ile picha bana imeniharibia mandazi," akasema.

"Kwa nini?"

"Si unajua kwa nini. Wewe ulitoa meno mangapi?"

"Mawili."

"Mimi matatu. Kwa mtoto mmoja. Halafu baba yake akaniletea kuku wa shukrani." Akacheka, kisha akaacha kucheka katikati. Mwingine aliyekuwa nyuma yetu akasogea, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi jipu nililipasua." Tulikuwa watu watatu katika pembe moja ya ukumbi, na kila mmoja alikuwa amekaa na mtoto wake miaka yote hiyo akidhani ni yeye peke yake duniani. Laiti mmoja wetu angeinua mkono ndani, yule nesi angejua afundishe nini. Badala yake alitufundisha kama watu ambao hawajaona, na sisi tukaandika kwenye madaftari kama watu ambao hawajaona.

Hata hivyo tulifundishika. Nataka ujue hivyo, usije ukadhani mafunzo ni sherehe ya chakula cha mchana. Mwaka uliofuata nilikuwa kwenye kliniki karibu na Kipsongo, akaja mama kijana na binti wa miaka mitano, taya limevimba, jino linacheza. Mama alikuwa anafulia watu nguo.

"Ni jino tu, daktari. Toa haraka niende, niko na kibarua."

"Sitoi."

"Ati hutoi? Si wewe ndio unasifiwa kwa meno?"

"Uvimbe ulianza lini?"

"Juzi."

Nilifunga kliniki. Watu kwenye benchi walinilalamikia, mmoja akasema serikali inalipa watu kutembea. Nilienda nao mwenyewe mpaka hospitali kubwa. Wakati huo tulikuwa tumeanza kuwasiliana, sisi wa Kitale na wale wa Bungoma tuliokutana mafunzoni, na picha ya taya lile ilitumwa kwa simu kwa daktari aliyejua, naye akajibu kabla hatujaketi. Kipande kilikatwa siku iliyofuata, kikawekwa kwenye dawa ya kukihifadhi jinsi inavyotakiwa, na watu walipigiana simu kukifuata hadi majibu yakapatikana. Yule msichana yuko shule ya upili sasa. Ana kovu dogo na anapenda kubishana. Nikimwona barabarani nafurahi sana, kisha naelekea nyumbani nikihesabu Barasa angekuwa na miaka mingapi. Ni mingi. Angekuwa mkubwa kuliko wewe.

Sasa nirudi kwenye wiki hii. Jumanne ulisoma swali la tisa. Jumatano sikulala vizuri mchana wala usiku. Alhamisi nilimwambia mama yako naenda kuulizia bei ya mbegu, nikaenda Tongaren.

Nilimkuta Mama Barasa ameanika mahindi kwenye turubai, ameketi pembeni akichambua yaliyooza. Nywele zimekuwa nyeupe. Alinijua kabla sijafika kwenye ua.

"Daktari. Umepotea njia?"

"Hapana, Mama Barasa. Nimekuja kwako."

"Basi kaa. Lakini usikae juu ya mahindi yangu."

Niliketi kwenye gogo. Nilisema yote, nikiangalia turubai: siku ya kwanza, jino la kwanza, la pili, siku aliyoniomba ampeleke Bungoma nikamwambia ana wasiwasi, kisha maneno ya mazishini. Yeye aliendelea kuchambua. Nilipomaliza aliniuliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mimi si nilijua? Hiyo barabara niliitembea na miguu yangu mara nne, mtoto mgongoni. Wewe unaniletea kama habari mpya?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha unaombea hapa? Mimi na wewe na kuku?" Alitupa konzi ya mahindi mabovu, kuku wakakimbilia. "Siku ile ulisemea wapi?"

"Mbele ya watu."

"Eeh. Sasa sikia. Jumamosi ijayo tuna kumbukumbu ya baba mkwe. Wote watakuja, hata wale wa Nairobi. Hema limelipiwa. Kipaza sauti kitakuwa. Kuja useme huko."

Nilimwambia ukweli, kwamba mimi si mtu wa kuongea mbele ya watu. Ndipo alipocheka, mara ya kwanza na ya mwisho siku hiyo.

"Siku ile uliongea vizuri sana."

Kisha akasema amesikia kuna watoto wa hospitali watapita wakiuliza maswali juu ya watoto waliougua. Nikamwambia ni kweli, na mmoja wao ni binti yangu. Akatikisa kichwa. "Wewe mzee una mambo." Akaacha kuchambua. "Wakiniuliza kwa nini nilikawia, nitawaambia nini? Miaka hii yote nimeulizwa hilo swali mpaka nikajifunza kulijibu. Nasema nilikuwa na palizi. Nasema sikuwa na nauli. Siku zingine hata mimi naamini. Nafikiri, pengine kweli nilikawia."

Nafula, hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya, na nina umri huu. Nilidhani nilimchafulia jina. Kumbe nilimharibia hata kumbukumbu yake. Mkimuuliza swali la tisa kama lilivyo, atawajibu palizi na nauli, na mwenzako ataandika palizi na nauli kwa mwandiko safi. Sijui ni wangapi wengine watajibu hivyo. Kisha ripoti itasema wazazi wa huku hukawia, mabango yatachapishwa kuwaambia akina mama wafanye haraka, na ndani ya zahanati atakuwa ameketi mtu mwenye mkono mwepesi na koleo lililochemshwa, na hakuna atakayemfundisha kitu.

Wewe ni mgeni kazini na najua mgeni hapendi kuonekana anasahihisha wakubwa. Mimi ningenyamaza, na umeona kunyamaza kulinifikisha wapi. Sijui utafiti unavyotungwa. Ila kama ningekuwa mama wa mgonjwa, ningeweza kujibu ukweli kama ningeulizwa: ulipouona uvimbe, ulimwendea nani kwanza? Alifanya nini? Halafu ulienda wapi? Na siku hizo zilinganishwe na rejista. Rejista ile sikuigusa. Wazo la kuibadilisha lilinijia, sitakudanganya, jioni moja baada ya mazishi, na kalamu nilikuwa nayo. Tarehe zote nne zimo kama nilivyoziandika.

Jambo jingine ni gumu zaidi, na ni mimi ninayekutwika. Jumatatu asubuhi, kabla hujapewa hata kiti, mwambie mkubwa wako kwamba mwandiko katika rejista ile ni wa baba yako. Mwache aamue. Pengine watakuhamishia upande mwingine, pengine watakuangalia kwa jicho fulani kwa siku kadhaa. Lakini usiende wewe kwenye nyumba ile na fomu. Mama Barasa hapaswi kupima maneno yake kwa sababu aliyeketi mbele yake ana pua yangu. Nami waniweke kwenye orodha ya wahudumu wa kuhojiwa. Nimestaafu, lakini nipo, na jina langu lina sehemu tatu. Ziandikwe zote.

Nilikuwa nikuandikie hayo tu, kisha niitie barua kwenye begi lako chini ya nguo, uikute Kanduyi. Lakini kuna kilichotokea sasa hivi.

Nilikuwa nimeandika kwenye kikaratasi nitakachosema Jumamosi ijayo, nikajaribu kukisoma kwa sauti. Mama yako akauliza kutoka jikoni, "Unaongea na nani?" Yeye pia hajui. Miaka yote hii tumelala kitanda kimoja na hajui. Nikaenda mlangoni pa jikoni, nikamsomea: "Mama Barasa alimleta mtoto ndani ya siku nne tangu uvimbe uanze. Alimleta tena na tena. Mimi ndiye niliyekawia, na siku ya mazishi niliwaacha mfikiri ni yeye."

Alisimama na mwiko mkononi mpaka ugali ukaanza kunuka. Nilidhani ataniuliza kwa nini sikumwambia. Hakuuliza. Aliepua sufuria, akafuta mikono, akasema, "Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa nimembeba Nafula mgongoni. Uliposema vile, na mimi niligeuka nikamwangalia yule mama."

Halafu akasema Jumamosi tutaenda wote wawili, kwa sababu na yeye aligeuka.

Na kuhusu begi, amekataa kabisa. Amesema barua hii nikupe leo leo ukirudi, uisomee hapa sebuleni, na mimi niketi kiti cha mbele yako bila gazeti wala kitabu mpaka umalize. Kwa hiyo ukifika mstari huu, inua macho. Niko hapo. Niulize.

Baba yako